Rauta inahitaji mwalimu: vyuo vya ufundi vitufungulie karakana siku ya Jumamosi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenzangu ambao, kama mimi, hushinda wiki nzima ofisini au dukani wakingoja Jumamosi waende nyuma ya nyumba kuchonga mbao. Jambo langu ni rauta, ile mashine ya umeme inayoshikwa kwa mikono miwili, ambayo huzungusha biti, yaani kisu kidogo chenye meno, kwa kasi ikachimba mfereji kwenye ubao au ikautia ukingo wake nakshi. Siyo ruta ya kusambaza intaneti, ingawa siku nilipoitaja nyumbani mara ya kwanza kijana wangu alishangilia akidhani tumepata mtandao.

Ombi langu nalitanguliza, nisije nikalisahau katikati ya maelezo. Mashine hizi sasa zinapatikana, mpya na kuukuu, na mtu yeyote mwenye akiba kidogo anaweza kuitoa moja dukani na kuibeba kwenye bodaboda hadi nyumbani. Kinachokosekana ni mahali ambapo mtu asiyeishi kwa useremala, anayeufanya kwa kuupenda tu, anaweza kufundishwa kuitumia kabla haijamfundisha yenyewe kwa njia ya damu. Vyuo vya ufundi vina karakana, vina meza nzito na vina walimu. Naomba wakuu wa vyuo hivyo watufungulie milango asubuhi za Jumamosi, nasi tulipe ada.

Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Busia ya Uganda, mpakani na Kenya, na kazi yangu ni makaratasi na malori. Useremala niliuokota kwa babu yangu, ambaye alikuwa na randa moja, patasi tatu na msumeno aliounoa mpaka ukabaki mwembamba kama kisu cha samaki. Kwa vifaa hivyo nilijifunza kutengeneza kigoda, rafu na sanduku la nguo. Patasi ina stahamala: mkono ukisita, nayo husita. Niliponunua rauta nilidhani nimenunua patasi iendayo haraka, na kosa langu lote lilianzia hapo.

Jumamosi ya kwanza nilibana ubao wa musizi juu ya meza, nikafunga biti ya kuviringisha ukingo, nikawasha. Nilianzia mkono wa kulia nikaelekea kushoto, kwa sababu moja tu: soketi ilikuwa upande wa kulia na sikutaka waya unisumbue miguuni. Biti ilipogusa mbao, mashine ilinitoka kama mbuzi aliyekata kamba. Ilikimbia ukingoni karibu nusu mita kabla sijaidhibiti, ikaacha mapengo matatu ambayo mtu angesema ni meno ya mnyama. Vidole vyangu vilisalimika kwa sababu vyote kumi vilikuwa kwenye mipini, wala si kwa ujuzi wangu.

Jumatatu jioni nikaupeleka ubao ule kwa mzee mmoja mwenye karakana karibu na maegesho ya malori, fundi aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa wetu. Aliugeuza mara mbili, kisha akauliza: “Karani, wewe uliisukuma, au yenyewe ilikuvuta?”

“Ilinivuta, Mzee.”

“Basi ulikuwa unakwenda nayo njia moja. Hii huendewa kinyume.”

Maneno hayo machache ndiyo somo kubwa kuliko yote katika rauta, nami nayafafanua kwa faida ya anayeanza. Ukiitazama kutoka juu, biti huzunguka kama mishale ya saa. Ikiwa ubao uko mbele yako nawe unakata ukingo ulio karibu na tumbo lako, meno yanayougusa ubao yanakwenda kulia, na kwa hiyo yanaisukuma mashine kushoto. Ukiipeleka kushoto, mnasaidiana wewe na biti, na mashine hukimbia. Ukiipeleka kulia, meno hukutana na mbao uso kwa uso, mashine hukupinga kidogo, na kule kupinga ndiko kunakokupa uwezo wa kuiongoza. Kwa hiyo kingo za nje za ubao huzungukwa kinyume cha saa, na ndani ya fremu ya dirisha au ya picha huzungukwa kama saa. Mzee alinipa njia ya kukumbuka bila kuwaza: nyoosha kiganja cha kulia kikitazama chini, elekeza kidole gumba kwenye mbao, na kidole cha shahada kitakuonyesha njia ya kwenda. Hadi leo hufanya hivyo kabla ya kuwasha, hata kama jirani ananichungulia juu ya ua akidhani nasali.

Rauta ikifungwa chini ya meza huwa imepinduliwa, hivyo ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyezoea ya mkononi akienda mezani bila kuambiwa hili atarudia kosa langu, tena safari hii kinachorushwa ni ubao wenyewe.

Kosa langu la pili lilikuwa la kimyakimya, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi, kwa sababu halina kelele za kukuonya. Biti hushikwa na koleti, yaani kile kijibomba cha chuma kilichopasuliwa ambacho nati hukibana juu ya mguu wa biti, ile sehemu yake isiyo na meno. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani na Uingereza mara nyingi huwa na koleti ya robo inchi au nusu inchi. Zile za soko la bara la Ulaya huwa na ya milimita 6, 8 au 12. Robo inchi ni milimita 6.35. Tofauti kati yake na milimita 6 ni kama unene wa karatasi chache, na kwa macho huioni. Yangu ilikuwa ya robo inchi. Biti nilinunua kwenye duka moja la vifaa, muuzaji akaniambia, “Chukua tu, kaka, zote ni zilezile.” Mguu wake ulikuwa wa milimita 6.

Nilikaza nati kwa nguvu zangu zote, ikaonekana imeshika. Nilikuwa natengeneza pande za kabati ya vitabu, na nilitaka mfereji wa kina cha milimita 6 wa kupokea rafu. Nilianza vizuri. Katikati nikasikia sauti ya mashine ikizidi kuwa nzito, nikadhani mbao imekuwa ngumu. Nilipozima na kupima, mwanzo wa mfereji ulikuwa milimita 6, katikati 8, na mwisho wake 11, katika ubao wenye unene wa milimita 20. Biti ilikuwa inateleza kutoka kwenye koleti, inashuka polepole huku ikizunguka zaidi ya mara elfu ishirini kwa dakika. Kama mfereji ule ungekuwa mrefu zaidi kwa mita moja, sijui biti ile ingekwenda kusimama wapi, na miguu yangu ilikuwa chini ya meza.

Tangu siku hiyo sinunui biti bila kipimo cha vernia, kile kinachopima hata sehemu ndogo za milimita, mfukoni, na simwamini muuzaji asiyejua kunitajia ukubwa wa mguu. Kuna jambo jingine la koleti ambalo halikuandikwa mahali popote nilipotazama: biti haikazwi ikiwa imegusa sakafu ya koleti. Huingizwa mpaka mwisho, kisha ikavutwa nje milimita 2 au 3, ndipo nati ikazwe, kwa sababu koleti inapobanwa huivuta biti chini kidogo, na ikikosa nafasi ya kushuka haibanwi sawasawa. Na haya yote hufanywa plagi ikiwa imetolewa ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Kasi nayo watu hawaielewi. Mashine nyingi zina kigurudumu cha kupunguza na kuongeza mwendo, na anayeanza hukiweka juu kabisa kwa kuamini kwamba kasi ndiyo usafi. Hebu tupige hesabu. Biti yenye kipenyo cha milimita 6 ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, ncha za meno yake husafiri karibu kilomita 27 kwa saa, mwendo wa bodaboda ndani ya soko. Biti ya milimita 50, ile ya kuchonga paneli za milango, kwa mizunguko hiyohiyo ncha zake husafiri karibu kilomita 226 kwa saa, na hakuna basi la Kampala linalofika huko, ingawa madereva wengine hujaribu. Ndiyo maana biti kubwa hupunguziwa mizunguko hadi kwenye 12,000 au karibu na hapo, na kwa kweli hazifai kushikwa mkononi kabisa. Mahali pake ni mezani.

Kina vilevile huchukuliwa kidogokidogo. Mfereji wa milimita 12 mimi huuchimba kwa safari nne, kila moja milimita 3. Rauta ya kuzamisha, ambayo mwili wake hushuka na kupanda juu ya springi mbili, hurahisisha kazi hii; ile isiyozama hulazimu kuzima na kupanga upya kila mara. Ile ndogo ya mkono mmoja, ambayo mafundi hukatia kingo za fomaika, yale mabamba membamba ya kufunika meza, ni ya kazi nyepesi, nami naona mtu angeanza nayo kwa sababu nguvu zake si za kumtisha. Wapo mafundi wanaoniambia hapana, uanze na kubwa ili uizoee. Sikubaliani nao.

Nirudi kwa mzee wangu, kwa sababu kuna kitu alichonifundisha ambacho hakuna video ingeweza kunipa. Alisimama nyuma yangu, akaweka mkono mmoja begani kwangu, akaniambia nikate nikiwa nimefumba masikio kwa zile plagi za sponji, lakini nisikilize kwa mikono. Nikienda polepole mno, alinigonga bega. Nikiharakisha, alinigonga mara mbili. Biti inayokaa mahali pamoja husugua badala ya kukata, na mbao huungua ikabaki na alama nyeusi ambazo msasa wa siku nzima hauziondoi. Inayosukumwa kwa haraka hung'oa nyuzi na kutetemeka. Kati ya hayo mawili kuna mwendo ambao mpini huutangaza kwa mtetemo laini, na maranda hutoka kama vipande, si kama unga. Baada ya mbao tatu nilikuwa nimeupata. Zile miezi miwili za kutazama video usiku hazikunikaribisha hata mlangoni.

Sizidharau video, kwani nyingi zimetengenezwa na watu stadi. Lakini watu hao wamesimama mbele ya meza za chuma zenye mitambo ya kufyonza vumbi, na mbao zao ni za kwao. Hapa kwetu mtu hufanya kazi na mvule, mahogani, musizi, msonobari au kalitusi iliyokaushwa nusu. Musizi ni laini na hutoa manyoya biti ikiwa butu. Mahogani ina nyuzi zinazopishana, moja inalala huku na nyingine kule, hivyo ukingo mmoja unaweza kutoka safi na wa pili ukachanika ingawa hukubadilisha lolote. Mvule ndio wenye vituko: ndani ya shina lake mara nyingine hujificha mawe meupe ya chokaa, ambayo mti wenyewe huyatengeneza, na biti ikikutana nayo hupoteza jino. Nimepoteza moja hivyo. Seremala wa ng'ambo aliyezoea mbao za kwao hana sababu ya kukuonya juu ya jiwe ndani ya ubao. Mzee wa karibu na maegesho ya malori hugonga ubao kwa kucha na kutazama madoa kabla ya kuwasha.

Mvule huohuo vumbi lake huwasha macho, pua na ngozi, na kuna watu linaowaletea pumu. Tena si mvule peke yake. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na uamuzi huo ulichapishwa mwaka 1995. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Barakoa yenye kichujio, miwani na vizuia sauti vihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine, na asiyekuwa na fedha ya vyote asubiri mwezi mwingine.

Kisha kuna umeme. Kwetu ni volti 240, na mwenzangu mmoja aliletewa na shemeji yake rauta nzuri kutoka Marekani, ya volti 120. Aliichomeka bila kusoma kibandiko, ikalia kwa sauti ya juu mno, ikatoa moshi, ikafa. Ilidumu chini ya dakika moja. Hilo angalau ni hasara ya fedha. La hatari zaidi ni umeme kukatika katikati ya kazi. Mtu huiweka mashine mezani, anakwenda kunywa chai, na swichi ameiacha ikiwa imewashwa. Umeme ukirudi, rauta huamka peke yake mezani, labda mtoto akiwa karibu. Mimi nimejizoesha kuzima swichi na kuchomoa plagi papo hapo taa inapozimika, kabla hata sijalalamika.

Yote niliyoyaandika mtu angeweza kufundishwa kwa Jumamosi nne. Ya kwanza asishike hata biti, ajue koleti, vipimo na mwelekeo. Ya pili akate kingo, akianzia vichwa vya ubao na kumalizia pande ndefu, ili nyuzi zitakazochanika kwenye pembe ziondolewe na mkato unaofuata. Zilizobaki ni mifereji, vigezo vya plaiwudi vya kuongozea mkato, na biti zenye beringi ya kufuata kigezo. Hayo ninayajua kidogo tu, na ndiyo ninayotaka kwenda kuyasoma.

Nilikwenda katika chuo kimoja cha ufundi kuuliza. Nilipokewa kwa adabu, nikaambiwa kozi ni ya miaka miwili na ni ya kutwa, na kwamba kwa watu wa namna yangu hakuna utaratibu. Nilipita dirishani mwa karakana nikaona meza nane, zote tupu, maana ilikuwa Jumamosi. Sina lawama kwa mtu yeyote pale. Hakuna aliyewahi kuwaomba. Ninaomba sasa, hadharani, kupitia gazeti lako, tena si chuo kile tu. Mwalimu alipwe kutokana na ada zetu, mbao tuje nazo wenyewe, na mtu asiyekuwa na miwani arudishwe getini.

Zipo sauti zitakazosema kwamba makarani na walimu wakijua rauta watawanyang'anya mafundi kazi. Sioni hivyo. Tangu nianze uraibu huu nimenunua mbao nyingi kwa mafundi kuliko maisha yangu yote ya nyuma, na mlango wa nyumba yangu bado nimempa mzee autengeneze, kwa sababu sasa najua ni kwa nini anatoza anachotoza.

Mafunzo hayo yatolewe kwa Kiswahili pia. Kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi la mashine yangu kina lugha saba, na yetu haimo, ingawa Katiba yetu imeitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaamua Julai 2022 ifundishwe kwa lazima shuleni. Hapa mpakani mafundi huongea Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, wakichanganya na Kisamia, Kiteso na Kiganda. Maneno wanayo: koleti, biti, nati, mfereji, kigezo. Mwalimu hatalazimika kubuni.

Ule ubao wenye mfereji wa milimita 6 upande mmoja na 11 upande wa pili sikuutupa. Nimeuandika vipimo kwa penseli katika sehemu tatu, na umeegemea ukuta wa ofisi yangu. Chuo cha kwanza kitakachotangaza darasa la Jumamosi nitakipelekea mwenyewe, pamoja na ile biti iliyouharibu, wanafunzi wajaribu kuikaza kwenye koleti ya robo inchi wakaone inavyoonekana kama imeshika.

Wako mtiifu,
Seremala wa Jumamosi,
Busia, Uganda